Ubao wa Mwalimu: Redio imesema, mtoto ameuliza



Juma lililopita niliahidi kwamba leo tutaongea juu ya watoto wanaomaliza kalasi ya 8, na namna ya kuwachagulia opsioni ya masomo ya mbele. Nilikuwa nimeshaandaa maneno yangu ya kila mwaka: tazama alama, tazama mfuko, sikiliza walimu. Lakini Jumanne jioni mama mmoja wa kikundi chetu alinifuata hadi mlangoni pa shule, mtoto wake wa kike akiwa nyuma yake, na hapo somo langu likabadilika.

«Mwalimu, uniongeleshee huyu mutoto,» akasema. «Redio imemuharibu kichwa.»

Habari yenyewe ni hii. Mnajua kila tunapokaribia tarehe 22 mwezi wa tano, redio za mji wetu hurudia habari za volkano. Hiyo ni kumbukumbu ya mlipuko wa 2021. Binti huyu, mwenye miaka 14, alisikia kipindi kimoja akiwa anapepeta mchele. Mtu wa kituo cha uchunguzi wa volkano, kile tunachokiita OVG, alikuwa anaeleza namna wanavyousikiliza mlima usiku na mchana. Tangu siku hiyo mtoto hana wimbo mwingine: anataka opsioni ya sayansi, kisha chuo kikuu, asomee mambo ya volkano. Mama yake amekuwa akiweka pesa ya likelemba mwaka mzima ili amnunulie mashini ya kushona. Mpango ulikuwa tayari: opsioni ya kukata na kushona, halafu kibanda kidogo Birere, mtoto ajitegemee.

Nikamwuliza binti: «Redio ilisema nini chenye kilikushika?»

Akatoa daftari la hesabu, akalifungua nyuma kabisa. Alikuwa ameandika mistari minne. Akajibu: «Ilisema mulima inatetemeka kidogo kidogo mbele ya kupasuka, na kuko mashini yenye inasikia ile kutetemeka. Miye nataka kujua ile mashini inasikia je.»

Nilinyamaza. Mama alidhani natafuta maneno ya kumkaripia mtoto. Kumbe nilikuwa najiona mimi mwenyewe.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, siku ya Alhamisi, nilikuwa na miaka 12. Wengi wenu mnaikumbuka siku ile kuliko mimi. Nyiragongo ilipasuka ubavuni, nyufa zikashuka hadi Munigi, na moto ukaingia mjini. Ulifunika sehemu ya kiwanja cha ndege, ukaunguza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ukapita katikati ya maduka hadi ziwani. Watu wapatao 120,000 walibaki bila nyumba. Mimi nilivuka mpaka kwenda Gisenyi nikiwa na mdogo wangu mgongoni na sufuria moja mkononi. Tulilala nje, na mjomba alikuwa na redio ndogo ya mawe.

Usiku wa pili, katika idhaa ya Kiswahili, mwandishi wa habari alimhoji mtaalamu. Sijui jina lake, sikulishika. Lakini alieleza kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa mtu yeyote. Pale uwanjani kila mtu alikuwa na sababu yake: laana, mizimu, dhambi za wakubwa. Yule bwana akasema kuwa moto wa mlima wetu unakimbia mbio kwa sababu umeundwa na mawe yasiyo na silika nyingi. Leo ninawaeleza wanafunzi hivi: silika ni kama unga. Ukiweka unga mwingi majini unapata foufou, haisogei. Ukiweka kidogo unapata uji, unamwagika hadi mlangoni. Nyiragongo inapika uji. Ndiyo maana tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977 ziwa lote la moto lililokuwa juu ya mlima lilimwagika kwa muda usiofika saa moja, na watu wa vijiji vya chini hawakupata nafasi ya kukimbia.

Mimi sikuwa nimesikia neno «silika» maishani mwangu. Nilisikia «siri». Niliporudi Goma na shule ikaanza tena, niliandika kwenye daftari: «Moto wa Nyiragongo hauna siri nyingi.» Mwalimu wangu wa jiografia alilisoma, akacheka, kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Hakufuta. Aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: «Silika. Njoo uniulize.» Nikaenda.

Baba yangu hakupenda. Alisema mlima umeshatutosha, hatuhitaji kuusomea tena. Pesa pia haikuwepo. Nilichukua opsioni ya pedagojia, kwa sababu ilikuwa ya bei nafuu na kazi yake inajulikana. Lakini nilipofika ISP, niliingia kitengo cha jiografia, na lile swali la Gisenyi bado lilikuwa mfukoni. Sikuwa mtaalamu wa volkano. Nilikuwa mwalimu anayejua kueleza volkano. Njia yangu ilikuwa fupi kuliko ile niliyoiota, lakini ilianzia kwenye redio ya mjomba.

Je, masomo hayo yamenisaidia nini? Niwaambie jambo moja tu. Tarehe 27 mwezi wa tano 2021, siku tano baada ya mlipuko, serikali ya jimbo iliamuru wakaaji wa kata 10 kati ya 18 za mji wahame, kwa kuwa kulikuwa na magma chini ya mji na chini ya ziwa. Mnaikumbuka njia ya Sake siku ile. Kuchoka, jua, watoto wanalia. Mahali fulani watu waliona bonde dogo lenye majani mabichi, wakashuka wapumzike. Nikapaza sauti: «Wamama, hapana, hapo kuna mazuku!» Hewa ile mbaya ni nzito kuliko hewa tunayovuta, haina rangi, hukaa mashimoni kama maji. Pande za Bulengo na ufukwe wa kuelekea Sake imejaa. Mbuzi na mtoto hufa kwanza kwa sababu pua zao ziko chini. Sijui kama hapo hasa kulikuwa na mazuku siku ile, lakini watu walipanda juu, na sijutii sauti yangu. Tena mjue: wataalamu wa nchi za nje wanaoandika juu ya hewa hiyo hutumia neno letu hilo hilo, mazuku. Bibi zetu walilijua jambo kabla ya mashini.

Habari inayowasha moto ndani ya mtu haikuanzia kwetu, ingawa mlango wake mmoja uko hapa karibu. Mwaka 1948, wakati wa Wabelgiji, jiolojia mmoja aitwaye Haroun Tazieff alitumwa kutazama mlipuko wa Kituro, si mbali na Sake. Hakuwa mtu wa volkano. Alipoona Kituro, maisha yake yaligeuka. Aliandika kitabu, akatengeneza filamu, na watu wa Ulaya ambao hawakuwa wamewahi kuona moto wa ardhini wakauona kwenye majumba ya sinema.

Katika miaka ile ile, huko Ufaransa katika jimbo la Alsace, msichana aitwaye Katia Conrad aliona picha na filamu za volkano, na shauku ikamshika. Kijijini kwao hakukuwa na mlima wa moto hata mmoja. Lakini hakuishia kwenye kushangaa. Alikwenda chuo kikuu cha Strasbourg akasoma fizikia na kemia ya mawe. Huko alikutana na Maurice Krafft, wakaoana, na wote wawili wakazunguka dunia kupima na kupiga picha volkano, hata hii yetu ya Nyiragongo.

Halafu likatokea jambo lililowauma. Tarehe 13 mwezi wa kumi na moja 1985, volkano ya Nevado del Ruiz nchini Kolombia iliyeyusha barafu yake, na tope likazika mji wa Armero usiku. Watu wapatao 23,000 walikufa. Ramani ya hatari ilikuwepo, wataalamu walikuwa wamesema, lakini maneno yao hayakuwafikia watu kwa namna ya kuwafanya wakimbie. Maurice na Katia wakaona kwamba vipimo peke yake havitoshi, mtu wa kawaida lazima aone. Wakatengeneza filamu ya kuonyesha hatari za volkano, moja baada ya nyingine.

Tarehe 3 mwezi wa sita 1991 wote wawili walikufa kwenye volkano ya Unzen, Japani. Katika majuma hayo hayo, filamu yao ilikuwa inaonyeshwa Ufilipino kwa wakubwa na kwa wananchi wa kandokando ya mlima Pinatubo. Tarehe 15 mwezi huo Pinatubo ililipuka, moja ya milipuko mikubwa ya karne iliyopita, na makumi ya maelfu ya watu walikuwa wameshahama. Tazameni mnyororo huu: habari ilimshika msichana, msichana akasoma, masomo yakawa habari tena, na habari ikaokoa watoto wa wamama ambao hakuwahi kuwaona.

Sasa turudi kwa mama wa Jumanne. Alinisikiliza yote haya, kisha akaniuliza swali ambalo mama yeyote angeuliza: «Ni sawa, Mwalimu. Lakini ile kazi inalisha? Na mutoto mwanamuke atapanda mulima na nani?»

Sikutaka kumdanganya. Mashini ya kushona inaleta pesa baada ya miezi michache. Masomo ya sayansi ni miaka minne ya sekondari, kisha chuo kikuu, na shule ya sekondari si ya bure kama ya msingi. Tena kazi ya kuchunguza volkano si ya kutajirisha. OVG iko tangu 1986, lakini imeishi kwa kutegemea misaada. Mwaka 2020 mradi uliolipiwa na Benki ya Dunia ulipoisha, uchunguzi ulidhoofika, na mwaka uliofuata mlima ulituletea moto jioni ya Jumamosi bila onyo. Watu zaidi ya 30 walikufa. Moto ulisimama Buhene, karibu tu na kiwanja cha ndege.

Kwa maoni yangu, hiyo si sababu ya kumzuia mtoto. Ni sababu ya kuwa na watoto wengi zaidi wanaolijua jambo hili, na wawe wa hapa. Mtu aliyelala nje Gisenyi akiwa mtoto hatausahau mlima kwa sababu mradi umeisha. Na mtu aliyesomea jiolojia hana mlango mmoja tu. Anatafuta maji ya kisima, anapima ardhi ya kujengea barabara, anajua mawe na madini ambayo nchi yetu inayo na wengine wanayafahamu kuliko sisi. Ziwa letu lina karibu kilometa 60 za ujazo za gesi ya methani chini ya maji yake, na mara tano hivi ya gesi kaboni. Jirani zetu wa Rwanda wameshaanza kuivuta methani hiyo kutengeneza umeme tangu 2016 pale Kibuye. Gesi hiyo hiyo inatutaka tuwe macho: kule Kamerun, tarehe 21 mwezi wa nane 1986, ziwa Nyos lilitoa gesi kaboni usiku na watu wapatao 1,700 walikufa vitandani na njiani. Nani atatuangalizia ziwa letu kesho, kama si mtoto ambaye leo anapepeta mchele na kusikiliza redio?

Wamama, sisemi kila mtoto aliyesikia kipindi apelekwe sayansi. Leo volkano, kesho mpira, keshokutwa mavazi ya arusi. Watoto ndivyo walivyo. Kazi yetu ni kupima kama habari imegusa masikio tu au imeingia ndani. Mimi natumia njia hizi nne.

Kwanza, mwambie akusimulie habari ile kwa maneno yake, kisha aandike anachojua na asichojua. Mtoto aliyevutiwa tu atakuambia «ilikuwa nzuri». Mtoto aliyeshikwa atakuwa na swali. Binti wa Jumanne alikuwa na swali moja safi: ile mashini inasikia namna gani?

Pili, mfundishe kuuliza habari imetoka wapi. Mwaka 2021 simu zetu zilijaa sauti za kutisha: ziwa litalipuka saa fulani, mlima utapasuka kesho. Nani alisema? Alijuaje? Alipima nini? Kuna tofauti kati ya mwandishi aliyekwenda kumhoji mtu wa kazi na jirani aliyetumiwa sauti na shemeji. Mtoto akiijua tofauti hiyo, hata asipokuwa mtaalamu, ameshapata elimu ya maisha. Mnakumbuka 2002, siku chache baada ya moto, watu walipokwenda kuchota mafuta kwenye kituo kilichozungukwa na mawe ya moto bado. Kililipuka, makumi ya watu wakafa. Habari sahihi kwa wakati wake ni chakula.

Tatu, tazama daftari la hesabu bila kujificha. Shauku haifanyi mlinganyo. Anayetaka volkano lazima apite kwa hesabu, fizikia na kemia. Kama alama ni ndogo, usiseme «unaona, huwezi». Sema: «Hii ndiyo ngazi ya mlima wako, tuanze kupanda.» Mpe muda, trimestri moja au mbili, muone kama anasoma bila kusukumwa.

Nne, mtafutie mtu wa kumuuliza ana kwa ana. Shule au kikundi chetu kinaweza kuandika barua kuomba kutembelea OVG. Tena ajue kwamba si lazima avuke bahari: jiolojia inafundishwa chuo kikuu cha serikali cha Bukavu na kile cha Lubumbashi, na pale Lwiro, Kivu ya Kusini, kuna kituo cha utafiti kilichoanza 1947 ambacho kimekuwa kikisikiliza matetemeko ya eneo letu kabla OVG haijazaliwa.

Na mashini ya kushona? Nilimwambia mama asiivunje likelemba yake. Cherehani si adui wa kitabu. Mtoto anaweza kujifunza kushona siku za likizo na kulipia minervali yake mwenyewe kwa kushona sare za shule. Nimeona wasichana waliofanya hivyo.

Mama hakusema ndiyo. Alisema ataongea na baba wa mtoto, na kwamba hadi mwezi wa tisa kuna muda. Lakini Alhamisi nilimwona binti uani wakati wa mapumziko. Alikuwa amening'iniza jiwe kwa uzi kwenye tawi, chini yake ameweka bakuli la mchanga. Wenzake walikuwa wanarukaruka kando, na jiwe linachora mstari mchangani. Akaniambia: «Mwalimu, inasikia! Lakini ikiwa upepo, inadanganya.»

Nilimwambia aliandike hilo, kwa sababu ndivyo kazi ile inavyoanza: kutofautisha mlima na upepo. Sikumpa jibu lililobaki. Nilichukua daftari lake, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, nikaandika: «Njoo uniulize.»

Wamama wenye watoto wa kalasi ya 8, mkutano wetu wa Jumamosi tutauanza nusu saa mapema kwa ajili ya opsioni. Njooni na daftari la alama, na pia na swali moja ambalo mtoto wako ameliuliza mwezi huu ukakosa jibu. Tutayasoma yote kwa sauti. Yale ya volkano nitajaribu mwenyewe. Mengine tutatafuta pamoja.

Hadi juma lijalo, mbaki salama.